Jirani Aliyemsemea Mpelelezi

Nauza chaja na spika ndogo karibu na mpaka, na pembeni yangu kuna kijana anayewaingizia watu muvi kwenye simu. Siku nzima kompyuta yake inapiga kelele, nami nimezoea, sisikii tena. Lakini asubuhi moja nilikuwa nampimia mteja waya, nikasikia sauti ya mwanaume ikisema, "Mkuu wa kituo, huyu mtu anaelekea Sogea, akivuka mpaka kuingia Nakonde tumekwisha." Ile sauti naijua kama ninavyoujua mlango wa kwetu. Ilikuwa ya jirani yetu, na jirani yetu alikwisha kufa.

Nikueleze, ndugu msomaji, maana huenda wewe ulikulia mahali pengine. Nilipokuwa mdogo, mtaani kwetu Tunduma kulikuwa na banda la video. Kuta za mabanzi, bati juu, mabenchi yasiyo na mgongo, televisheni moja yenye tumbo kubwa. Mwenyewe alikuwa huyo jirani. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, na Kiingereza chetu kilikuwa kile cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Basi jirani alifanya kazi ya kutusemea. Alikaa chumbani kwake na maiki, akaitazama filamu na kuisimulia yote kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kinyiha, akarekodi, kisha akaleta bandani sidii yenye picha ya Wazungu na sauti yake.

Tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya polisi. Mpelelezi mmoja mwenye koti chafu, hana rafiki, halali, anamsaka jambazi lililomuua mwenzake. Jiji lenyewe giza na mvua, mitaro imejaa takataka, kila mtu anavuta sigara. Filamu ngumu kwelikweli, wala mpelelezi mwenyewe hakuwa mtu mwema sana. Lakini jirani alituletea karibu. Mitaa ya lile jiji aliipa majina ya mitaa yetu. Jambazi likiingia baa, lilisalimia "Mulishani" kama wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka. Na kwa kuwa chumba chake kilikuwa barabarani, honi za malori yanayosubiri kuvuka zilisikika filamu nzima, na jogoo, na mvua ikipiga bati. Sisi watoto tulijua kabisa kwamba mambo yale yalitokea mji wenye mpaka. Mimi nilitoka pale nimeshaamua kuwa mpelelezi, na koti nilishalichagua, la baba, lile la kuendea kanisani.

Bibi yangu, aliyekuja kukaa nasi kutoka Igamba, hakulipenda banda. Kabla ya kwenda ilibidi niteke maji, nipukuchue mahindi, nioshe sufuria ya maharage mpaka ing'ae. Nikilalamika kwamba filamu imeanza, alisema, "Picha haiozi. Mahindi yanaoza." Nilipukuchua huku masikio yakiwa kwa jirani, nikisubiri ile sehemu.

Sehemu yenyewe ni hii. Katikati ya filamu mpelelezi anakaa ndani ya gari, anaivizia nyumba. Anakaa tu. Hakuna anayesema neno, muda mrefu. Jirani naye alipofika hapo wakati wa kurekodi hakuwa na la kutafsiri, koo limemkauka, akasahau maiki. Ukasikia wazi:

"Mama watoto, hiyo chai vipi?"

Na sauti ya mwanamke kwa mbali, kutoka jikoni: "Maji hayajachemka. Wewe mkamate kwanza mwizi wako."

Banda zima lilivunjika kwa kicheko. Watu waliilipia filamu ile tena na tena kwa ajili ya hapo. Wakati mwingine mke wa jirani mwenyewe alikuwa mlangoni akiuza karanga na viazi vya kuchemsha, watu wanageuka kumtazama, naye anajifunika uso na kitenge. "Cheka tu," anasema, "chai alikunywa."

Sasa, asubuhi ile nilimwomba yule kijana anirushie filamu kwenye simu. Akanirushia huku anajisifu. "Dada, hii ni mpya. Wenyewe huko nje wameitoa upya, picha safi. Mimi nikachukua ile sauti ya zamani nikaibandika juu, nikaisafisha."

"Ukaisafisha vipi?"

"Nimetoa makelele. Honi, jogoo, kuna mama alikuwa anaongeaongea. Wateja hawataki."

"Na ile ya mwanzo iko wapi?"

"Nilifuta, dada. Inajaza nafasi bure."

Jioni nikampelekea mjane wa jirani. Siku hizi anauza nyanya mbele ya nyumba, na mjukuu wake mdogo anacheza hapo miguuni. Nilidhani sauti ya mumewe tu inatosha kuwa zawadi. Tukakaa, nikaegesha simu kwenye debe.

Picha ilikuwa safi mno. Usiku umekuwa kama mchana. Uso wa mpelelezi umelainishwa, sigara zimefutwa mikononi mwa watu, wamebaki wanainua vidole mdomoni kama wanaomba. Damu haipo. Na kwa kuwa wamekatakata vipande, sauti ya jirani ilibaki nyuma ya midomo. Mtu ameshajibu kabla hajaulizwa. Mjane hakujali hayo. Alimvuta mjukuu karibu, akamwambia, "Sikiliza, huyo ndiye babu yako." Alikuwa anatabasamu.

Tukafika kwenye gari. Mpelelezi akakaa. Badala ya ule ukimya ukaingia muziki, zumari na ngoma za kompyuta, halafu mlango ukafunguliwa na filamu ikaendelea.

Mjane akaisogelea simu. "Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Muziki uleule.

"Nilikuwa hapa," akasema. "Wamenitoa." Kisha, baada ya kupanga nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangika, "Sauti yake nitaipata hata kwa hii. Lakini yake na yangu pamoja ilikuwa hapo tu, mwanangu. Hatukuwa watu wa kujirekodi."

Sikuweza kuliacha. Nikauliza kila mwenye umri wangu mtaani, nikaambiwa nimtafute mjomba mmoja kijijini Ndalambo, ambaye zamani alinunua sidii za jirani akafungua banda lake huko. Nikaenda. Mjomba akanipokea vizuri, akanipa ugali, ndipo akanipeleka shambani. Sidii zote zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba juu ya ulezi, zinazunguka na kumetameta juani.

"Ndege wa huku wanaogopa polisi kuliko watu," akasema.

Tulizikagua moja moja. Ya polisi ilikuwa upande wa magharibi, maandishi ya jirani yamepaushwa na jua lakini yanasomeka. Imechanjwachanjwa na upepo na mabua. Mjomba akaikata kamba, akaning'iniza kifuniko cha sufuria mahali pake.

Niliiosha kwa sabuni, nikaifuta kwa kanga, nikaazima deki ya zamani kwa fundi, tukaifunga kwenye televisheni ya mjane mchana wa Jumapili baada ya ibada. Ikakataa, ikakataa, ikakubali. Kioo kilikuwa kama maji ya mfereji, vipande vipande, watu hawaonekani. Ila honi zilikuwepo. Jogoo yupo. Mvua inapiga bati la chumba kilekile tulichokaa. Mjane aliweka mikono mapajani.

Mpelelezi akaegesha gari. Ukimya. Halafu: "Mama watoto."

Deki ikakwama.

"Mama watoto. Mama watoto. Mama watoto."

Nikainuka nikaipigapiga, nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Kila mara ilifika pale pale, ikaita, haikuvuka. Jibu la mjane halikuwemo tena. Lilikwanguliwa juu ya ulezi wa Ndalambo. Nilimgeukia nimwombe radhi. Mjukuu alikuwa anamtazama bibi yake, anashangaa kwa nini haitiki.

Mjane alisikiliza muda mrefu, kichwa ameinamisha upande, kama mtu aliyeko chumba cha pili. Kisha akasema taratibu, "Zima, mwanangu. Atachoka."

Nikazima. Banda siku hizi ni kibanda cha kutuma fedha, na mabenchi yalikwisha kuwa kuni. Filamu bado inauzwa pale pembeni yangu, safi, na watu wanainunua. Kijana ananiuliza kwa nini sicheki sehemu zinazochekesha. Namwambia naangalia biashara.