Feni Iliyogoma Mezani kwa Ato Shibabaw

Wewe umewahi kumheshimu mtu kwa sababu tu anakalia kiti kinachozunguka? Dagnachew hakuwahi, na ndiyo maana katika miaka tisa ya kutengeneza kompyuta za ofisi za serikali pale Debre Berhan, Ethiopia, hakupandishwa cheo hata mara moja. Wenzake walijifunza kusema "ndiyo, mkuu" na sasa wana ofisi zao. Yeye alijifunza kazi.

Mkuu wake, Ato Shibabaw (“Ato” ni “Bwana” kwa Kiamhari), alikuwa msajili wa ardhi. Kompyuta yake ilibeba hati za wakulima wa wilaya nzima, naye aliiona kuwa pambo. Aliligeuza boksi lake juu ya meza ili taa ziwatazame wageni, na mgongo wake umtazame yeye. Mwezi ule ilikuwa ikizimika kila baada ya nusu saa, ya moto kama chungu, na wakulima waliotembea tangu alfajiri wakaambiwa warudi wiki ijayo. Feni ya pawa saplai, kile kisanduku cha umeme kilicho nyuma ya boksi, haikuwa ikizunguka. Mara mbili Dagnachew aliipeleka karakana, akapuliza vumbi, akatia tone la mafuta, akaijaribu kwa waya, na feni ikazunguka kama pia. Ikirudi ofisini, kimya.

Mara ya tatu aliitwa akakuta barua ya kumfukuza kazi kwa wizi.

"Fundi, feni nzima umeiuza wapi, ukaniwekea hii mbovu?" Ato Shibabaw aliuliza, amejifunika shuka zito la pamba mpaka masikioni.

"Hii ningeiuza, mzee, mnunuzi angenitafuta na rungu."

"Cheka tu. Kesho mkaguzi anakuja kuitia saini barua hii. Utarudi kuchunga kondoo wa baba yako."

"Afadhali kondoo, mkuu. Hawaandiki barua."

Akafungua boksi palepale. Panga moja la feni lilikuwa na mkwaruzo, na wavu wa nyuma umepinda kuelekea ndani, kana kwamba mtu huchokonoa mara kwa mara. Akatazama chumba: madirisha yamefungwa, nyufa zimezibwa kwa matambara. Hapo akaelewa. Huku watu hukubali kukosa hewa ndani ya basi lililojaa kuliko kufungua dirisha upana wa kidole. Wanaamini upepo wa tunduni ukikupata shingoni, umekwisha. Na tundu la pawa saplai lilimpumulia Ato Shibabaw shingoni kutwa nzima.

"Ni wewe unayeizuia," Dagnachew akasema. "Unachomeka kitu, halafu unakitoa kabla hujaniita."

"Mimi? Naapa kwa Mtakatifu Gabrieli!"

Zenebech, karani wake, akainamia kikombe cha kahawa kana kwamba kuna barua ndani yake.

Dagnachew alimtazama mkuu wake, msomi wa chuo, mwenye muhuri wa serikali, anayemtaja malaika kwa uongo ili kuficha shingo yake. Wilaya nzima isimame, mwenzake aitwe mwizi, mradi yeye asipatwe na mafua! Hata kumchukia aliona ni kumpa heshima asiyostahili. Akafunga skrubu, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake saa tatu asubuhi mkaguzi alifika, mzee mnene mwenye suti, na wakulima kama ishirini wakiwa mlangoni. Ato Shibabaw akampisha kitini pake kwa kuinama mara tatu.

"Mheshimiwa," Dagnachew akasema, "naomba jambo moja tu. Niwashe mashine, nawe ukae nayo umalize kahawa, ndipo utie saini."

"Haya, kijana, washa."

Feni ikazunguka. Mkaguzi akanywa funda moja. Akapandisha kola. Akanywa la pili, akajishika kisogo.

"Nani kafungua dirisha?"

"Yote yamefungwa, mheshimiwa," Zenebech akajibu.

Mzee akageuka, akatafuta, akalipata tundu. Akachomeka kalamu yake katikati ya wavu. Feni ikakwaruza, ikanyamaza.

"Hapo sasa!" Ato Shibabaw akasema haraka, kwa ulimi uliozoea kuwaunga mkono wakubwa. "Hata mimi hufanya hivyohivyo kila siku, mheshimiwa, ila natumia kijiti."

Mlangoni mkulima mmoja akaanza kucheka, kisha wote. Mkaguzi alikuwa bado ameishika kalamu ndani ya wavu, na barua haijatiwa saini.