Chungu Kilichongoja Ndege

Nikisikia harufu ya wimbi lililochacha likimwagiwa maji moto, mimi hutazama juu. Watu hudhani naomba. Ai, wapi! Natafuta ndege.

Nilikuwa darasa la nne, nyumbani kwetu Moding, na siku hiyo wageni walikuwa wamevuka mpaka pale Malaba kuja kumposa Shangazi Asere. Safari ya kwanza walirudi mikono mitupu. Babu alikuwa ameshafariki, na wa kuitikia posa alikuwa baba yangu, kaka mkubwa, ambaye kazi ya kuchimba visima ilikuwa imemfungia Lodwar. Sasa baba wa bwana harusi, mzee mrefu aliyevaa kofia ya sufu hata juani, akasema wazi, "Tukirudi bure leo, hatuji tena." Shangazi akaingia jikoni kulia. Nilimpenda sana shangazi yangu. Nikaapa moyoni kwamba yule mzee haondoki.

Asubuhi baba alikuwa amepiga simu. Amepata nafasi kwenye ndege ndogo ya kutoka Lodwar hadi kiwanja cha Busia. Kwa barabara ni safari ya kulala njiani. Kwa ndege, alisema, ni saa moja na kitu. Tukashangilia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ndege yenyewe itaondoka lini.

Kwetu, mgeni haagi wakati ajono, pombe yetu ya wimbi, bado ina nguvu. Wazee hukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na pombe ikipungua huongezwa maji moto. Maji yakizidi ladha hufifia, na ladha ikiisha mgeni hutafuta fimbo yake. Mwenye birika siku hiyo nilikuwa mimi.

Saa moja ikapita, na kile kitu chake nacho kikapita. Juu hakukuwa na chochote ila mwewe. Mzee akavuta mrija, akakunja uso. Basi nikaenda nyuma ya ghala, ambako Tata, nyanya yangu, alikuwa ameweka wimbi lake lililochacha la pombe ya Krismasi. Nikajaza sufuria, nikaifunika kwa leso, nikamwaga chunguni pamoja na maji. Tata aliniona. Akanipa mgongo, akaanza kufagia mahali alipokuwa amekwisha kufagia.

Nikarudia. Nikarudia tena.

"Hiki chungu cha leo ni kikaidi kweli!" mzee akasema. Wenzake wakacheka, wakaendelea kuvuta.

Jua lilikuwa limeinama ndege ilipopita kuelekea Busia. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Hata hivyo palibaki boda boda, na foleni ya malori Malaba, na vumbi. Baba alipofika aliitikia posa kabla hajanawa uso. Shangazi alinikumbatia nusura anivunje mbavu.

Miaka mingi nilijisifu kwamba niliwaweza wazee wale. Juzi nilienda kumwona yule mzee ng'ambo, Tororo. Siku hizi hatoki kitandani, lakini kofia bado iko kichwani.

"Mama," akaniambia, "uliongeza wimbi mara tatu. Mimi nimekunywa ajono maisha yangu yote, unadhani sikujua?"

Nikaona haya. Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Mtoto wangu alikuwa amekataa kula, anamtaka huyo Asere," akasema. "Wewe unafikiri ni wewe peke yako uliyekuwa unatazama juu?"