Sweta Ndani ya Kapu la Mavuno

Tangu ujana wake mpaka alipoota mvi, Mzee Efraimu Mtui aliishi kwa kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumcheka. Likumbuke hilo, maana ndilo lililomponza. Mtu aliyezoea kuogopwa kidogo na vijana, siku akianza kuogopa kuchekwa, hufanya vituko ambavyo hata mtoto hafanyi.

Goti ndilo lililomrudisha nyumbani. Siku moja akishuka na wageni, jiwe lililegea chini ya buti lake, goti likageuka upande, akateremshwa kwa machela na vijana aliowafundisha kazi mwenyewe. Mjini Moshi walimtibu vizuri, wakamwambia kutembea atatembea, ila mlima basi. Akarudi kihambani kwake, juu kidogo ya Himo kwenye njia ya Marangu, kwenye migomba yake na kahawa yake na ng'ombe wawili, akaketi barazani akanuna. Alinuna asubuhi, akanuna jioni. Chai ilikuwa baridi, kuku walikuwa na kelele, redio ilisema uongo.

"Baba Grace," mkewe alimwambia siku moja, "tafuta kitu cha kufanya na hiyo mikono. Mdomo wako umefanya kazi vya kutosha."

Mkewe, Elinipendo, hakuwa mtu wa kukaa. Alipokuwa msichana aliangukiwa na mgomba, mkono wa kushoto ukavunjika, aliyeuunga akauunga ovyo, ukapona umepinda na mfupi kuliko mwenzake. Haukumzuia kulima wala kukamua. Lakini kila nguo ya mikono mirefu aliyowahi kuvaa ilimbidi aukunje mkono wa kushoto, na kila alipoukunja ulikunjuka. Alikuwa akiukunja bila hata kuangalia, shambani, sokoni, kanisani katikati ya sala. Baridi ya mwezi wa saba ikifika, mkunjo wa sweta yake nzito ulikuwa ukichovya kwenye ndoo ya maziwa, naye hulaani kwa Kichagga, kisha humwomba Mungu msamaha kwa Kiswahili.

Kila Alhamisi Efraimu alishuka Moshi kufanyiwa mazoezi ya goti. Foleni ilikuwa ndefu, na kwenye benchi alikaa mama mmoja wa makamo aliyejifunga mtandio wa kijani, Bi Mwantum, aliyekuwa akimleta mama yake mzazi kutibiwa nyonga. Bi Mwantum hakungoja bure. Alikuwa na sindano mbili ndefu na uzi wa sufu, anafuma soksi za mtoto huku anapiga soga. Efraimu alimtazama vidole. Alhamisi iliyofuata akamtazama tena.

"Mzee," Bi Mwantum akamwambia, "unanitazama mikono au unaniibia kazi?"

"Naangalia tu, mama. Hapo unapozungusha uzi sijapaona vizuri."

"Basi sogea uone. Kuuliza si kosa."

Akasogea. Akapewa sindano ashike, akashika kama anashika nyoka. Vitanzi vya kwanza vikawa vimekaza hivi kwamba sindano haikupita, Bi Mwantum akacheka mpaka nesi akachungulia. Lakini ajabu, mzee hakukasirika. Alifumua, akaanza upya. Alipoitwa kuingia ndani kwa mazoezi hakusikia, ikabidi aitwe tena.

Ndivyo alivyoanza kupita mtaa wa Shirimatunda kila Alhamisi baada ya kliniki, nyumbani kwa Bi Mwantum na mumewe Mzee Swaleh, ambaye alikuwa fundi cherehani, akishona barazani. Watatu hao walikaa pale na birika la chai ya tangawizi. Mzee Swaleh alikuwa mtu wa utani. "Mzee wa mlima," angesema bila kuinua kichwa, "umedondosha kitanzi kule nyuma. Kingekuwa mgeni wako angekwishakufa kwa baridi." Efraimu alirudi nyuma kukitafuta kitanzi chake, na moyo wake ulikuwa mweupe kuliko ulivyokuwa kwa muda mrefu. Alikuwa na furaha, basi. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Tatizo ni kwamba furaha hiyo hakuthubutu kuipeleka nyumbani. Huku mlimani mwanamume akishona kwa cherehani ni fundi, anaheshimika. Akishika sindano mbili na uzi wa sufu, hapo ni habari. Efraimu aliwawazia wenzake wa zamani kwenye kilabu cha mbege, hasa Jesse, mpishi wa safari zake, mtu asiyeweza kuona jambo akanyamaza. Na akimwambia mkewe, mkewe atawaambia wanawake wa kanisani, na kabla jua halijazama Jesse atakuwa nalo. Hapana. Kwanza amalize sweta moja, nzuri, isiyo na dosari, ampe Mama Grace, ndipo watu waseme watakalo.

Kwa hiyo alifuma kwenye stoo ya kahawa, mlango ameurudishia, akidai anachambua mbegu. Vipimo alivichukua kwa kuiba. Elinipendo alipoanika blauzi kwenye kamba, mzee aliinyemelea na kipande cha uzi, akapima mabega, akapima mkono wa kulia, akafunga fundo, akapima wa kushoto mpaka pale kitambaa kilipochakaa kwa kukunjwa, akafunga fundo jingine. Kuku walimtazama. Akisikia mtu anakuja, sweta na sindano zake vilitumbukizwa kwenye kapu kuukuu lililorekebishwa mpini kwa kamba ya bluu, na juu yake majani makavu ya mgomba.

Sasa hebu jiweke mahali pa Elinipendo. Mumeo alikuwa ananuna, ghafla hanuni. Kila Alhamisi anaoga kwa makini, anavaa shati la kola, anachelewa kurudi. Kwenye koti lake unakuta nyuzi za rangi ya damu ya mzee ambazo ndani ya nyumba yako hazimo. Halafu jirani yako Elisifa, anayepeleka ndizi sokoni Moshi, anakuja na uso wa huruma kukueleza kwamba amemwona Baba Grace akitoka kwenye nyumba moja ya Shirimatunda, na mwanamke anamkabidhi kifurushi mlangoni huku anacheka.

Elinipendo hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Nani anakaa Shirimatunda?" alimuuliza jioni, akimwekea bakuli la mtori.

Efraimu alipaliwa. "Watu wengi," akasema.

Jibu gani hilo! Mtu mzima, na nywele zake nyeupe.

"Haya," alisema mkewe. "Nikishatoa sadaka yangu ya mavuno Jumapili, Jumatatu nakwenda Arusha kwa Grace. Kurudi sijui. Huenda nitarudi, huenda nisirudi. Utabaki na hao watu wengi."

Usiku ule Efraimu alilala macho wazi. Angeweza kusema pale pale, kwa sentensi moja, na mambo yakaisha. Lakini ilibaki kola tu. Alijiambia kwamba Jumapili baada ya ibada ataimalizia kola, Jumatatu asubuhi ataweka sweta mbele ya mkewe kabla hajafunga mzigo. Hivyo ndivyo alivyojidanganya.

Jumamosi Elinipendo alitafuta kapu la sadaka. La kwake zuri lilikuwa limeazimwa. Akaingia stoo, akaliona lile kuukuu, lina majani makavu ndani tayari, akaona afadhali, matunda hayatagongana. Akapanga magimbi, akapanga parachichi, akaweka chane mbili za ndizi juu kabisa. Jumapili asubuhi akajitwika, akatangulia na wanawake wenzake.

Efraimu alifika kanisani kwa kuchechemea, akaketi upande wa wanaume, akatazama mbele kwenye sadaka za mavuno. Akaona kamba ya bluu. Akaangalia tena kama labda ni kapu la mtu mwingine. Lilikuwa lake. Mchungaji alihubiri vizuri sana siku ile, kila mtu alisema hivyo, lakini ukimuuliza Efraimu hata neno moja hakusikia.

Na kila Mlutheri wa huku anajua: kitu kikishapelekwa madhabahuni ni cha Bwana. Hukirudii ukasema samahani, nilisahau kitu changu ndani. Ukikitaka, unakinunua mnadani kama wengine, nje, mbele ya watu wote.

Mnada uliendeshwa na mzee wa kanisa Daniel, mtu mwenye sauti ya tarumbeta na mdomo usio na breki. Aliuza mbuzi, akauza kuku, akauza mayai. Akalifikia kapu la kamba ya bluu. Ndizi zikaenda. Parachichi zikaenda. Magimbi yakaenda. Daniel akaingiza mkono kwenye majani kuhakikisha hakuna gimbi lililobaki, akatoa sweta ya rangi ya damu ya mzee, sindano mbili zikining'inia kwenye kola.

"Jamani! Hii nayo imechimbwa shambani? Mama Grace, umeivuna kwenye mgomba gani?"

Watu wakaangua kicheko. Elinipendo hakucheka. Alikuwa ameitambua ile rangi. Efraimu alimwona akikaza midomo, na alijua anachofikiri, kwamba yule mwanamke wa Shirimatunda ameleta ufumaji wake mpaka kwenye kapu lake la sadaka.

"Elfu tano!" Efraimu akasema haraka.

"Elfu kumi," akasema Elinipendo.

Vichwa vyote vikageuka. Efraimu akapandisha. Mkewe akapandisha. Alitaka ushahidi wake, auchukue mpaka Arusha. Mume alitaka sweta yake. Daniel akawa katikati yao, furaha imemjaa, maana tangu azaliwe hajawahi kuona nyumba moja inashindania kitu kimoja mnadani.

"Polepole, wapendwa, hela ni ya mfuko mmoja!" alisema, akaitandaza sweta hewani. "Halafu angalieni mnachogombania. Fundi huyu alikuwa anasinzia! Mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi!"

Kicheko kikavuma mpaka barabarani. Jesse, aliyekuja kununua mbuzi, alikuwa akijipangusa machozi. "Labda ya nyani!" akapiga kelele.

Hapo ndipo Efraimu aliposimama. Aliogopa, nisikufiche, kuliko alivyoogopa kwenye machela. Akapiga moyo konde.

"Hakuna aliyesinzia," akasema. "Nimefuma mimi."

Daniel akaishusha sweta.

"Nimefuma mimi, Efraimu, kwa mikono hii, kwenye stoo yangu ya kahawa. Na huo mkono haukukosewa. Nimeupima kwenye blauzi iliyokuwa kambani. Ndio urefu wake."

Watu wengi hawakuelewa anasema nini. Mmoja tu ndiye alihitaji kuelewa. Elinipendo alisogea mbele, akampokonya Daniel sweta, akaitazama kwa muda. Kisha akaivaa pale pale juu ya gauni lake la kanisani, sindano na zote. Kwa mazoea mkono wake wa kulia ukaja upande wa kushoto kukunja. Ukapapasa. Haukukuta cha kukunja. Ufumaji ulikuwa umeishia pale pale kwenye kifundo cha mkono, sawasawa, na yeye akabaki ameshika kifundo chake kama mtu aliyepotelewa na kitu.

"Na mwanamke wa Shirimatunda?" akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

"Ni mwalimu wangu. Mumewe hukaa pale pale, na ndiye anayenicheka."

"Sasa kwa nini hukusema, wewe mzee?"

"Niliona aibu, Mama Grace."

Alimwangalia. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa amekasirika bado, vyote kwa pamoja. Kisha akamgeukia Daniel, akataja bei ya juu kuliko zote zilizotajwa siku ile, pamoja na ya mbuzi. Efraimu akafungua mdomo.

"Wewe nyamaza," mkewe akamwambia. "Hii nanunua mwenyewe."

Daniel akahesabu mara tatu, taratibu, na hakuna aliyethubutu kuongeza. Jesse alinyamaza pia, jambo ambalo si la kawaida. Wiki ile ile alikuja kihambani akizunguka zunguka, akiuliza kama kofia ya kuvaa baridi ya mlimani ni kitu kigumu kufuma.

Jumatatu asubuhi Grace alipiga simu kutoka Arusha kumuuliza mama yake amekata tiketi ya basi gani, aje kumpokea. Elinipendo alikuwa amekaa barazani, sweta mwilini, shingo ameinyoosha, na mumewe nyuma yake amevaa miwani anahesabu vitanzi vya kola kwa kunong'ona.

"Siji, mwanangu," akasema. "Siwezi kusimama. Nikitikisika, baba yako atapoteza hesabu."