Walikuja kwa Mama, Wakamwona Mtoto Tu

Naikumbuka siku ile walipokuja kutupongeza, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka kana kwamba ni asubuhi ya leo. Nilikuwa binti mdogo, nimeolewa mtaa wa Cibitoke, na mtoto wangu wa kwanza, Evelyne, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kushika kidole cha mtu. Usinione leo nina mvi na sauti ya kukemea watu sokoni. Wakati ule nilikuwa siwezi kukemea hata nzi.

Guhemba unaijua, hata kama wewe ni wa siku hizi. Mama akijifungua, ndugu na majirani wanajipanga, wanakuja na kreti za bia na soda, sabuni, mchele, unga wa uji. Msemaji wao anasimama kuomba ijambo, yaani nafasi ya kusema mbele ya watu, na akishapewa hakuna wa kumkata mpaka mwenyewe airudishe. Ni desturi nzuri, asije mtu akasema nimeitukana. Bibi zetu waliiweka ili mama apumzike, ale, ashikwe mkono. Sisi tumeichukua tukaigeuza karamu ya wanaume kusifiana! Jumapili iliyopita nimeiona tena kule Kiriri, safari hii kwa keki na simu za kupiga picha, na binti wa watu amekalishwa kwenye kochi, amepakwa poda juu ya macho yaliyovimba. Ndiyo maana nimekuita ukae hapa. Weka simu hiyo chini unitazame mimi.

Mimi wakati ule nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa silali hata mtoto akilala. Nikimtazama Evelyne sihisi kitu, kama vile ni mtoto wa mpangaji ameachwa kwangu, kisha najichukia kwa kutohisi. Nilifika mahali nikawa namwomba Mungu nisiamke. Unadhani nilinyamaza? Sikunyamaza. Nilimwambia dada mmoja wa kanisani, akanijibu nifunge na kuomba. Nilimwambia mama mkwe, akasema wasichana wa siku hizi tunajidekeza. Mume wangu Fideli, fundi wa kuchomelea milango, alikuwa anajificha karakanani kwake kwa sababu nyumba ilimtisha. Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna aliyeuliza swali la pili.

Basi siku hiyo ya guhemba nyumba ilijaa. Mimi nilikuwa chumbani nalazimishwa kuvaa kitenge kipya, hata kukifunga mwenyewe siwezi. Mara akaingia sebuleni mwanamke ambaye hakualikwa. Alikuwa asistanti sosiali, yaani mtu wa ustawi wa jamii, wa kituo chetu cha afya, jina lake Asumpta. Watu wengi walidhani kazi ya asistanti sosiali ni kugawa mchele kwa maskini. Mimi nilikuwa nimekosa siku ya chanjo ya mtoto, yeye akaja kwa miguu kuuliza kulikoni.

Nilimsikia mama mkwe akimwonyesha mgeni Evelyne. "Mutoto njo huyu, anaendelea muzuri."

"Nimeona mutoto, mama. Sasa nataka kuona mama yake."

"Iko anavaa. Wageni wanamungoja."

"Basi nitamungoja nikiwa naye."

Akaingia, akawatoa waliokuwa wakinivalisha, akafunga mlango, akaketi kitandani kando yangu. Hakutazama kitenge. Aliniuliza kama nalala, nikamwambia apana. Akaniuliza kama nakula. Kisha akaniuliza lile ambalo hakuna aliyethubutu.

"Kuna wakati unawaza ni bora ufe?"

Mwanangu, nililia mpaka nikashika godoro. Yeye hakupiga kelele, hakuniombea kwa nguvu, hakuniambia nimshukuru Mungu kwa sababu kuna wanaotafuta mtoto hawapati. (Neno hilo nalichukia mpaka kesho. Mtu anazama, wewe unamwambia wengine hawana maji!) Aliniuliza pia kama nawaza kumuumiza mtoto, nikasema apana, naye akaniamini.

"Hii ni ugonjwa," akasema. "Inashika wamama wengi, na inapona. Haiko kosa yako. Leo hautabaki peke yako. Ile ya kufa watajua bwana yako na daktari tu. Lakini hawa wa hapo inje, naweza kuwaambia uko mugonjwa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Angalia alivyofanya: aliniuliza kwanza. Katika nyumba ile wote walikuwa wananiamulia, hata rangi ya kitenge.

Nje, mjomba wake Fideli, Mzee Karori, alikuwa katikati ya hotuba. Ukoo umepata mtu! Fideli ni mwanamume! Watu wanapiga makofi, chupa zinafunguliwa. Alipomaliza, Asumpta akanyoosha mkono, akaomba ijambo. Mzee akampa kwa tabasamu, akidhani madamu wa kituo cha afya anataka kumbariki mtoto. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, nachungulia na kusikia kila neno.

"Nimesikia mumeshukuru baba," akaanza taratibu. "Mumeshukuru mutoto, mumeshukuru na babu aliyekufa zamani. Mama iko wapi mu maneno yenu? Mutu ametoka kuzaa, munamuvalisha, munataka kumukalisha hapa awachekee kama picha ya ku ukuta! Huyu mama ni mugonjwa. Haiko muvivu, haiko na pepo."

"Madamu!" Mzee Karori akasimama. "Mu jamaa yetu hakuna wazimu!"

"Muzee, ijambo ulinipa, na sijairudisha."

Mzee akaketi, maana desturi ni desturi hata inapokuchoma. Sauti ya Asumpta ilipanda, na nakuambia mwanamke yule alikuwa na hasira. Hasira kwa ajili yangu! Sikuwa nimewahi kuona mtu anakasirika kwa ajili yangu.

"Mumeleta bia. Mi naomba mikono. Nani atakuja kesho kufua? Nani atashika mutoto mama alale? Nani atapika? Musijibu wote pamoja kama ku kanisa. Asimame mumoja, anitazame, aseme ni mi."

Walitazamana. Wengine wakaanza kusoma maandishi ya chupa. Aliyesimama wa kwanza alikuwa Fideli, mbele ya wajomba zake, machozi yanamtiririka kwenye ndevu.

"Ni mi," akasema. "Lakini sijui kufanya nini. Mi naogopa kurudi nyumbani."

Asumpta akamwuliza palepale, kwa sauti ya chini kabisa, "Na we, baba, unalala?" Naye hakuwa analala. Hakuna aliyekuwa amemwuliza yeye pia. Mnadhani kuwa baba ni kupigiwa makofi tu?

Alasiri hiyohiyo Asumpta alitupeleka sisi wawili kwa muuguzi, naye muuguzi akatutafutia daktari jioni ileile. Nilipewa dawa, na usinikunjie uso, dawa ya akili ni dawa kama ya malaria. Asumpta alikuja nyumbani kila wiki. Alimfundisha Fideli kuniondolea wageni mlangoni bila kuona haya, na kunisikiliza bila kukimbilia kunirekebisha. Aliniketisha kituoni na kina mama wengine waliokuwa kama mimi, nikagundua siko peke yangu Cibitoke nzima. Nilipopata mimba ya pili, alianza kuniuliza ninavyolala kabla tumbo halijaonekana, kwa sababu ugonjwa huu haungoji mtoto azaliwe. Nilipona polepole, na siku zingine nilirudi nyuma. Halafu asubuhi moja Evelyne akapiga chafya, nikacheka, na Fideli akaacha kifungua kinywa akaja kunitazama ninavyocheka.

Lakini kilichonichoma kuliko vyote kilitokea siku ileile ya guhemba, nilipokuwa nimerudi kutoka kwa daktari. Mama mkwe aliniletea uji. Hakuuweka mezani, alikaa ameushika, hanitazami.

"Hata mi nilikuwa hivyo," akasema. "Wakati nilizaa Fideli. Nilikuwa natamani kufa."

Nikamwuliza, na sikumwuliza kwa adabu, kwa nini basi aliniita mdekezi. Kwa nini aliniacha nizame na yeye anayajua maji yenyewe?

Akaniambia, "Mi nilifikiri kuzaa njo hivyo. Nilifikiri ni vile kwa kila mutu."

Maisha yake yote, mwanangu! Kreti za bia ziliingia na kutoka nyumbani kwake, hotuba zikasemwa, na mwanamke yule akafika uzeeni anadhani kutamani kufa ni sehemu ya kuzaa. Mimi simsamehe aliyebuni kimya hicho. Yeye nilimsamehe, nikanywa uji wake.

Sasa sikiliza ninachokutaka. Ukienda kumwona mzazi, mtafute mama kabla ya kumbeba mtoto. Muulize analalaje, umngoje ajibu, halafu uulize tena. Muulize na baba. Ukisikia neno la kutotaka kuishi, usikimbie na usihubiri. Kaa naye, usimwache peke yake, na siku hiyohiyo mpeleke kituo cha afya. Mwite asistanti sosiali, maana hiyo ndiyo kazi yake, na mfungulie mlango akija bila kualikwa. Badala ya kreti, peleka mikono yako ikafue. Na mtu akikuambia mbele yangu kwamba mzazi fulani ni mvivu, usicheke naye, la sivyo tutakosana mimi na wewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde barabarani na nyumbani. Akujalie watoto, na atakayekuzalia umjue kwa macho yake, si kwa kitenge chake. Na siku wewe utakapokuwa huwezi kuamka kitandani, akuletee mtu wa kufunga mlango, aketi kando yako, akuulize unalalaje.