Siku Tulipoifungia Noah Tobaa

Kazi yangu ni kukodisha vyombo vya shughuli: viti vya plastiki, mikeka, masinia, na yale masufuria makubwa ya pilau ambayo mtoto anaweza kuoga humo na maji yakabaki. Nakaa Bunju, lakini wateja wangu wengi ni ndugu na majirani wa zamani wa Temeke nilikozaliwa, na kati ya Bunju na Temeke kuna jiji zima. Vyombo nilikuwa navisafirisha kwa kirikuu cha kukodi, kale kapikapu kadogo ka mizigo. Dereva wake alikuwa mcheshi, mwenye adabu, na hakuwahi kusikiliza maelekezo hata siku moja. Siku aliposhusha viti vya harusi kwenye msiba wa mtaa wa pili, wafiwa wakavikalia kwa shukrani na sisi tukakosa uso wa kuwainua, niliapa nitakuwa na tela langu mwenyewe.

Tela nikalichongesha kwa fundi wa kuchomelea hapahapa Bunju. Likatoka zuri, la buluu, lina taa zake nyuma kama gari la watu wazima. Noah ninayo. Kilichobaki ni kile chuma kinachofungwa chini ya bampa la nyuma ili gari liweze kuvuta tela. Mafundi wanakiita tobaa.

Nilimpigia mama simu kumwambia kwamba nakuja upande wake, nitapitia Chang'ombe kwanza kufunga tobaa.

"Kufunga toba?" mama akauliza. "Gereji?"

"Tobaa, mama. Ya gari."

"Mwanangu, toba haifungwi, huletwa. Na Mungu hayuko Chang'ombe peke yake. Leta hapohapo ulipo."

Wiki ile alikuwa amerudi kaka yetu mkubwa kutoka Maskati. Huko ameendesha basi la wanafunzi kwa miaka mingi, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuja kwa ajili ya harusi ya mdogo wetu wa mwisho. Baba alishafariki, kwa hiyo kaka ndiye alikuwa walii, yule anayemwozesha bibi harusi. Bila yeye hakuna ndoa. Na bila masufuria yangu, mama alivyoona, ndoa ingekuwepo lakini watu wangeisema mpaka kiyama.

Kaka aliposikia habari ya tobaa akasema lazima twende wote. "Hayo mambo ya kuvuta yanataka mtu anayejua usalama," akaniambia. "Nyie huku mnafungafunga tu."

Gereji tuliyokwenda ilikuwa chini ya bati, Chang'ombe, katikati ya kelele za nyundo. Fundi alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mdomo haufungi. Alitoa chuma kilichowahi kufungwa kwenye pikapu, akakiweka chini ya Noah yangu, akakipima kwa jicho, akasema kinakaa kama kimezaliwa pale.

Kaka akainama. "Kina kibandiko kinachoonyesha uzito kinaoweza kuvuta?"

"Braza, hiki kinavuta nyumba."

"Nyumba ya uzito gani?"

Fundi akamtazama kaka kwa huruma, kama anayetazama mgonjwa. Walichomelea, wakafunga bolti, wakavuta nyaya za taa mpaka kwenye soketi ya nyuma. Kisha fundi akawaita wenzake waje kuonyesha uimara. Wanaume wanne wazima wakapanda juu ya tobaa, wakashikana mabega, wakaanza kurukaruka. Noah ikainua pua kama ng'ombe anayenusa mvua. Mie nilikuwa ndani, kwenye usukani. Niliona mbele ya gari langu inaachana na ardhi, na bati la gereji linateremka kuja kwangu.

"Umeona?" fundi akapiga kelele. "Haikatiki!"

Kaka alimkubalia kwa kichwa. Kwa uso wake nilijua hakupenda.

Siku ya harusi tuliamka Bunju tukapakia tela: masufuria, masinia, viti hadi juu, turubai likafungwa kwa kamba. Kaka akatangaza kwamba ataendesha yeye. Alikagua matairi, akavuta kila kamba, akaniambia nisimame nyuma niangalie taa. Akawasha hazadi, taa zote mbili za tela zikawakawaka vizuri. "Ziko sawa?" akauliza. "Ziko sawa," nikajibu. Akaridhika. Kisha akafungua mlango wa kushoto, akaketi, akanyoosha mikono, akakuta hakuna usukani.

Kule Maskati wanaendesha upande wa kulia, na usukani uko kushoto. Kaka akashuka, akazunguka gari kama anakagua matairi mara ya pili, akaingia upande unaostahili. Nami nikatazama dirishani nisimwaibishe.

Shida haikuwa mlango tu. Kwenye gari alilolizoea kaka, indiketa iko mkono wa kushoto. Kwenye Noah, mkono wa kushoto ni waipa. Kila alipotaka kukata kona, waipa zilianza kupangusa kioo kikavu, krii, krii, jua likiwa limetuama juu yetu. Bodaboda mmoja alitusogelea dirishani.

"Shikamoo, mzee. Mvua iko wapi?"

"Marahaba," kaka akajibu, macho mbele.

Kisha kulikuwa na suala la kupisha. Mbele kidogo, mama mmoja mwenye ndoo ya samaki kichwani alisimama pembeni akisubiri kuvuka. Kaka akasimamisha gari na tela na masufuria yote, akamwashiria kwa mkono apite. Yule mama akatutazama. Akatazama nyuma yake kuona kama anaashiriwa mtu mwingine. Hakusogea.

"Vuka, mama," kaka akamwambia.

"Pita wewe kwanza," yule mama akasema. "Mie nakujua?"

Nyuma yetu honi zikaanza. Kaka alikaza shingo. Kule, akanieleza, mtu hapigi honi mpaka kuna hatari ya kifo. Unaweza kukaa wiki nzima usiisikie. "Sasa hapa kuna hatari gani?" akauliza.

"Hakuna, kaka. Wanakusalimia tu."

"Wote?"

Kwenye njia panda moja tukasubiri kuingia barabara kubwa. Lori likatokea kulia kwetu, likapiga taa mara mbili. Kaka akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Huyu angalau ana ustaarabu, anatupisha," akasema, akaanza kutoka.

Nilimshika mkono kwa nguvu zangu zote. "Kaka! Huyo hatupishi! Anasema anakuja, tusithubutu!"

Lori likapita puani mwetu na upepo wake ukatutikisa. Kaka akabaki ameshika usukani.

"Kule mtaani kwangu," akasema polepole, "mtu akikupigia taa anakwambia pita."

"Huku anakwambia jaribu uone."

Simu ikaita. Mama. Nikaweka sauti ya nje. "Masufuria yako wapi?" akauliza. Nikamwambia tunakuja. "Mpishi ameshakatakata vitunguu vyote, analia, na sijui kama ni vitunguu au ni hasira." Akakata. Habari ya walii hakuiuliza.

Balaa lenyewe lilitupata mbele ya Tegeta. Kulikuwa na gari bovu limeegeshwa upande wetu, wenyewe wameshatandaza matawi ya miti barabarani. Kaka akauliza kwa nini watu wamekata mti wakautupa lamini. Nikamweleza kwamba ndiyo alama ya gari bovu. Safari hii akakumbuka indiketa ilipo, akawasha ya kulia, akatazama kioo, akaanza kusogea kulia kwa utaratibu mzuri kabisa. Lori la mchanga lililokuwa nyuma yetu likaja kasi kutupita kulia kwetu. Kaka akarudi kushoto ghafla, masufuria yakagongana kama kengele za shule zote za Kinondoni, na tairi letu likapanda juu ya matawi.

Dereva wa lori akapunguza mwendo akawa sambamba nasi, mwili nusu nje.

"Mzee, ukinambia nipite, basi niache nipite!"

"Nimekwambia saa ngapi?" kaka akapiga kelele. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele.

"Si umewasha kushoto!"

"Nimewasha kulia!"

Kwa wasiojua barabara zetu nieleze: huku, wa mbele akiwasha kushoto anamwambia wa nyuma, njia nyeupe, nipite. Akiwasha kulia anasema, tulia, kuna kitu kinakuja. Haikuandikwa popote, na kila dereva anaiheshimu kuliko kibao chochote. Kaka aliapa amewasha kulia, na mie nilikuwa nimeiona kwa macho yangu ikiwaka kwenye dashibodi. Lakini kutoka hapo kila aliyekuwa nyuma yetu alitufanyia hivyo hivyo. Tulipowasha kulia, walitupita kulia na kututukana. Tulipotaka kurudi kushoto, walijipanga nyuma yetu kwa uvumilivu, wakingoja, halafu wakatutukana kwa kuwachelewesha.

Mwisho alikuwa trafiki, dada mmoja aliyevaa glovu nyeupe, akatuelekeza tusimame pembeni. Alikuwa ametutazama tangu mbali.

"Shikamoo, mzee," akamwambia kaka. "Washa kulia."

Kaka, kwa wasiwasi, akawasha waipa.

"Nimesema taa, baba yangu. Mvua bado."

Akawasha taa. Yule dada akaenda nyuma ya tela. Akasema washa kushoto. Kisha zima. Kisha kulia tena. Nilipogeuka nikamwona ameshika kiuno, mabega yanatikisika, anacheka peke yake.

"Gari lenu," akasema aliporudi dirishani, "mbele linakwenda Temeke, nyuma linarudi Bagamoyo."

Nyaya zilikuwa zimepishana. Aliyefunga soketi Chang'ombe na aliyefunga taa za tela Bunju kila mmoja alichagua rangi zake, na sie tulipojaribu kwa hazadi taa zote ziliwaka pamoja, tusione kitu. Trafiki akasema hatuondoki hapo mpaka kulia kuwe kulia. Kaka akapiga magoti kwenye vumbi na kanzu yake ya harusi, akafungua plagi kwa kisu cha kukatia kamba, akaanza kubadilisha nyaya.

Nilichuchumaa karibu yake nishike plagi. Hakuniangalia.

"Mdogo wangu," akasema, "kule mie ni dereva mzuri, ujue."

"Najua, kaka."

"Wazazi wanataka watoto wao wapande basi langu. Wananiombaga. Hapa nimetukanwa na watu wote kutoka Bunju. Hata yule mama wa samaki hakuniamini."

Mtu ametoka kwao kijana anaendesha pikapu ya muuza mkaa barabara hizihizi, amerudi mvi zimemjaa, na barabara zimemsahau. Nikampangusa vumbi begani. Simu ikaita tena. "Masufuria!" mama akapiga kelele kabla sijasema haloo, na kaka akaangua kicheko, kicheko kikubwa cha utotoni, mpaka trafiki akaja kutazama kama tuko salama.

Taa zikakubali. Trafiki akatupa heri za harusi, akasimamisha magari ya pande zote ili tuingie barabarani, na kaka akatoka kwa kuinua mkono kama balozi.

Temeke tulifika baada ya adhuhuri. Uchochoro wa kwa mama ni mwembamba, na mwisho wake umezibwa na nyumba. Ukitaka kushusha vyombo mlangoni, tela lazima liingie kinyumenyume. Kaka akasema hiyo si kazi. Tatizo ni kwamba mtaa mzima ulitoka kumsaidia. "Kata kulia! Kata kushoto! Rudi, rudi, rudi, simama! Nimesema simama!" Muuza ndimu alikuwa na maoni. Shangazi yetu, ambaye hajawahi kushika usukani, alikuwa na maoni mawili yanayopingana. Kila kaka alipolinyoosha tela, mtu alipiga kelele, naye akasimama, kwa sababu kule mtu akipiga kelele kuna sababu. Tela likajikunja likakaa kama kiwiko, halitaki mbele wala nyuma.

Mpishi akatoka uani na mwiko mkononi, macho mekundu. Akaita wenzake waliokuwa wanachambua mchele, wakafunga kanga viunoni, mmoja akachomoa plagi, mwingine akanyanyua ile shingo ya tela kutoka kwenye tobaa, na wanawake saba wakalisukuma tela na viti vyake na masufuria yake mpaka mlangoni kwa vigelegele, kana kwamba ndilo bibi harusi.

Mama akatoka. Akamshika kaka mashavu, akamkagua uso, akamkung'uta magoti yenye vumbi. Kisha akauliza kama sufuria kubwa lile lenye mikono miwili limo.

Ndoa ilifungwa alasiri. Kaka alipotamka maneno ya kumwozesha mdogo wetu aliteleza neno moja, akaanza tena, akamaliza vizuri. Pilau lilichelewa, ila hakuna aliyekumbuka kulalamika lilipofika. Nilipopita na birika la kunawa upande wa wanaume nilimkuta kaka amekaa mkekani na wajomba, mkono kwenye sinia, anasimulia safari yetu. Katika masimulizi yake malori yalikuwa matatu, yote ya mchanga, na trafiki alikuwa amempigia saluti. Mjomba mmoja akaniuliza kama ni kweli.

"Mie nilikuwa nimefumba macho," nikamwambia, nikammiminia maji.