Mfuko wa Mwisho wa Wifi

"Mama, hivi huyo ndugu yako anafua nini pale uani? Mbona amekishika kama kichanga kinachoogeshwa?"

Aliyeniuliza ni jirani yetu muuza mkaa, shingo kaipitisha juu ya ukuta. Nikamjibu kuwa ni kitambaa cha lori. Akacheka, akaenda zake. Sikuwa na nguvu ya kumweleza zaidi.

Ndugu mwenyewe ni mdogo wangu wa kunifuata, dereva wa lori kuukuu la pua ndefu. Alikuwa akibeba mchanga na matofali. Ubavuni pa injini palifungwa chujio la oili la mtindo wa zamani, kopo la chuma lenye kifuniko na bolti moja katikati. Halikutoka kiwandani na lori. Aliyemiliki lori kabla yake alilinunua chujio hilo dukani akalifunga mwenyewe. Ndani ya kopo hukaa mfuko wa kitambaa uliojazwa pamba. Oili hupita humo na kuacha uchafu wake. Mfuko ukishiba uchafu hutupwa, ukawekwa mwingine.

Basi mifuko ile ikaadimika madukani. Wauza vipuri wakawa wanamcheka: "Mzee, hiyo kaulize makumbusho!" Aliyemwokoa ni mkewe, wifi yangu. Alifumua mfuko wa zamani mshono kwa mshono, akakata kitambaa kizito cha pamba kwa kuufuatisha, akashona kwa cherehani yake, akirudia mshono juu ya mshono ili usiachie.

"Wifi," aliniambia, uzi kaubana menoni, "wenzangu wanashonewa magauni. Mimi namshonea mke mwenzangu nguo ya ndani."

"Na mwenzio wala halalamiki!" mdogo wangu akaitikia kutoka chini ya boneti.

Tulicheka mpaka machozi. Nyumba ile ilikuwa na raha yake.

Kisha wifi akaugua kifua. Hata alipokuwa hawezi kuinuka kitandani alimuuliza mumewe, "Umembadilisha mwenzangu nguo?" Mungu amlaze pema. Aliacha mifuko michache kwenye droo ya cherehani. Mdogo wangu akaitumia mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwenye wa mwisho, ule akashindwa kuutupa. Kila ulipochafuka aliutoa, akaufua kwa mafuta ya taa, akauanika kivulini, akaurudisha. Hicho ndicho alichokiona jirani.

Fundi wa gereji alimwonya. "Kaka, mfuko wa pamba haufuliwi. Unaoza. Ukichanika, nyuzi zitaziba njia za oili na injini itakufa. Nikung'olee hilo kopo, nikuwekee filta ya kisasa."

"Huu kaushona yeye."

"Basi kautunze kabatini!"

"Kabatini utafanya nini? Yeye alikuwa mtu wa kazi."

Mimi nikaenda kwa upole. Nikamshonea mwingine kwa mkono, kwa kadiri ya macho yangu haya. Akaugeuzageuza, akasema, "Ahsante, dada," akauweka karibu na kiti chake. Hakuufunga.

Asubuhi moja alikuwa akipanda mlima na mzigo wa matofali. Injini ikaanza kugonga, ikagonga kwa nguvu, ikanyamaza. Hata kuzungushwa kwa mkono ilikataa. Walilivuta lori hadi gereji, nami nikapelekewa habari. Nilifika fundi akiwa anafungua kopo. Mfuko ulikuwa umechanika kati, pamba na nyuzi zimejisokota kwenye matundu ya oili, vyuma vimesagana vikavu. Fundi alikamua kile kitambaa, akampa mdogo wangu mkononi, taratibu.

Nilikitazama. Mshono wa wifi ulikuwa mzima, haukuachia hata mahali pamoja. Kilichooza ni kitambaa.

"Injini hii haifufuki, kaka," fundi akasema, akatupisha.

Mdogo wangu akaketi kwenye ngazi ya lori, oili nyeusi ikimchuruzika kiganjani hadi kwenye kiwiko. Nikakaa karibu naye. Mimi ni mtu wa maombi, nanyi mnanijua. Nikafungua kinywa nimwambie tumshukuru Mungu kwa kuwa yeye mwenyewe ametoka salama. Akaniwahi, macho yake yako chini.

"Dada, kesho utaniambia nishukuru, na nitashukuru. Leo nisaidie kulia."