Gari ya dizeli kukosa nguvu asubuhi: nilivyomwita fundi wangu mwizi

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe na siyapambi, maana mwenye aibu humu ndani ni mimi.

Mimi ni mwalimu, mtu wa Moshi, kazi imenileta Kitahana, Kibondo. Nina pikapu ya dizeli. Sheli ziko mjini, kwa hiyo huwa nanunua dizeli na kuiweka nyumbani kwenye madumu.

Nilipotoka likizo niliipeleka gari kwa Fundi Bihoga, mzee mwenye gereji Kibondo mjini. Akasafisha nozeli, akanikabidhi.

Wiki moja baadaye, balaa.

Asubuhi unapiga stata mpaka betri inaomba poo. Ikiwaka ni moshi mweupe, na kilima kidogo tu unarudi gia ya kwanza. Ila saa saba mchana gari nzima kabisa!

Siku moja nikatoka alfajiri kwenda Kasulu. Mlima wa kwanza tu, baiskeli ya ndizi inayosukumwa kwa mikono ikanipita. Jamani, inasukumwa! Kufika Makere jua limepanda, gari ikaanza kuvuta yenyewe.

Kasulu fundi mwingine akaipima mchana, hakuona kitu. Akakuna kichwa, akasema labda nozeli zako nzima zilibadilishwa na mbovu.

Hilo neno "labda" mimi sikulisikia.

Nikarudi moja kwa moja hadi gereji ya Bihoga, nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Nina mdomo, nakiri. Yeye alijibu tu, "Mwalimu, sijakuibia."

Siku ile ile wateja wawili, mmoja mwenye lori, wakaondoa magari yao. Kibondo mji mdogo, na mwalimu akisema watu wanaamini. Kwa maneno yangu mtu alikuwa anapoteza kazi ya maisha yake.

Siku ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, hodi. Ni Bihoga, na baiskeli na mfuko wa spana. Akapiga makofi taratibu, vile Waha, wenyeji wa huku, wanavyomsalimia mtu kwa heshima. "Mwakeye, mwalimu."

Nimemtukana, halafu ananipigia makofi.

"Usiiwashe," akasema. "Gari inaumwa asubuhi, mbona mnaipima mchana?"

Wakuu, digrii yangu yote na hilo sikuwahi kuliwaza.

Akafungua filta. Ndani kumeganda kitu kama uji mzito wa njano. Akachota kidogo, akaweka kiganjani, akafumba mkono. Alipofumbua kilikuwa kimeyeyuka. Akanusa, akanipa na mimi ninuse.

Mawese.

Akafunga filta mpya, akaunganisha mpira na chupa ya dizeli safi aliyokuja nayo, akaining'iniza kwenye boneti. Stata moja tu, injini ikanguruma. Nilimwangalia yule mzee nikaona sijawahi kumjua.

Kisha akauliza dizeli naiweka wapi. Hapo nikakumbuka. Likizo niliwapelekea ndugu zangu mawese kwa madumu yale yale. Kurudi nikayasuuza kwa maji baridi, nikajaza dizeli. Kumbe mawese yalikuwa yameganda ukutani mwa dumu. Dizeli ikayalainisha, yakaingia kwenye tenki. Baridi ya asubuhi inayagandisha kwenye filta, jua likiwaka yanayeyuka.

Nikaanza kuomba msamaha pale pale uani. Akanikatiza kwa upole.

"Mwalimu, hapa hakuna aliyesikia nikiitwa mwizi."

Alipomaliza kusafisha tenki tukapakia baiskeli, tukaenda mjini. Nikasimama katikati ya gereji, nikaeleza yote: madumu, mawese, mdomo wangu. Nilikuwa kama mwanafunzi aliyekamatwa.

Bihoga alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

"Rudia. Mwenye lori yuko kule, hajasikia."

Nikavuka, nikarudia.

Nilichojifunza: gari ipimwe saa inayoumwa, na dumu la mawese libaki la mawese. Kuhusu mdomo, bado najifunza.

Wenzangu wa dizeli mnaoishi kwenye baridi, mnahifadhije mafuta yenu? Na kama kuna aliyewahi kumuumbua fundi bure, aje tukae wote kwenye benchi la aibu. Karibuni.